GPU YA "GB 4" KWA LAKI MBILI NA NUSU? MASTAA WETU, ACHENI KUTUUZIA MAGWANGALA KWA BEI YA DHAHABU

Leo hatuna stori ya nani kaachana na nani, wala nani kaonekana na gari la nani. Leo tuna stori ya mkwanja wa watu, na mastaa wetu wamo ndani yake mpaka shingoni.

Mnaofuatilia mambo ya gemu mitandaoni mnamjua jamaa ninayemsema. Jina tunalo, tunalihifadhi. Tumwite Mzee wa Ultra, maana hakuna video yake inayoisha bila kusema "hapa tunacheza kwa Ultra, wanangu". Ana fremu yake Kariakoo, ana taa za rangi ukutani, ana kiti cha gemu kinachofanana na cha rubani. Pembeni yake siku hizi yupo staa wa vichekesho, yule ambaye kila akifungua mdomo mnacheka kabla hajasema kitu. Na yeye jina tunalo. Amekuwa akipozi na maboksi ya kadi za grafiki kama vile kashika tuzo ya taifa.

Tangazo lao ni moja tu, linarudiwa kama wimbo: GTX 1050 Ti, GB 4, used ya Dubai, laki mbili na nusu, tuma na ya kutolea, tunapakia kwenye basi leo leo.

Hela zimetumwa. Mabasi yamepakia. Na huku kwetu, kuanzia Didia mpaka Kahama, kuna masela wamefungua maboksi wakakuta kitu ambacho sio kilichoandikwa juu ya boksi.

Naweka msimamo wangu mezani mapema ili mtu asije kunisoma vibaya kule kwenye komenti. Kadi kuukuu sio tatizo. Kadi kuukuu ni mali, na kwa kompyuta ya gemu za zamani ndiyo kadi yenyewe hasa. Tatizo ni kadi kuukuu iliyochakachuliwa, ikavalishwa jina la mdogo wake, ikauzwa na mtu anayejua anachokifanya, halafu ikanadiwa na staa asiyejua hata inachomekwa wapi. Huo ni utapeli. Tusiuite "biashara ya mtandaoni" wala "changamoto ndogo ndogo".

DOGO WA DIDIA

Kwa ambao hamjafika, Didia ipo njia ya lami inayotoka Tinde kwenda Shinyanga mjini, kwa hiyo mabasi ya Dar kwenda Mwanza yanapita mlangoni. Mzigo unashushwa hapo hapo barabarani, unalipa, unabeba. Ndiyo maana biashara ya "tuma hela tukupakilie" imenoga sana huku. Basi linafika, ila muuzaji hafiki kamwe.

Kuna dogo mmoja pale, jina namstiri. Huyu dogo alikaa Mwakitolyo kwenye machimbo, akabeba mifuko ya mawe, akasimama kwenye karasha mpaka vumbi likamkaa kifuani. Alipopata kidogo hakununua bodaboda kama wenzake. Akasema anarudi nyumbani kufungua kibanda cha gemu.

Na wazo lake lilikuwa na akili kuliko watu wengi wanavyodhani. Hakutaka kushindana na vibanda vya PlayStation. Alitaka kompyuta mbili tatu za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex 780 za kusimama, aweke Windows XP, halafu aweke gemu ambazo kizazi chetu kimekulia nazo: GTA San Andreas, Vice City, Need for Speed Most Wanted, PES 6, Project IGI. Gemu hizo hazihitaji bando. Hazikudai kupakua GB 60 kabla hujashika kitufe. Watoto wanazipenda, na wakubwa wanazipenda zaidi, maana mtu wa miaka 30 akisikia sauti ya CJ anakumbuka alikomaliza pesa ya daftari.

Kilichokosekana kilikuwa kadi ya grafiki. Picha ya kwenye bodi ya OptiPlex inatosha kwa barua na Excel, ila ukiingia kwenye Most Wanted gari linakwamakwama kama limeishiwa mafuta. Dogo akaingia mtandaoni kuuliza. Akamkuta Mzee wa Ultra.

Sasa sikilizeni alivyouliza, maana nimeonyeshwa hayo mazungumzo. Alieleza vizuri kabisa: kaka, nataka kadi ya zamani tu, ya kuchezea San Andreas kwenye XP, monita zangu ni za VGA. Jibu alilopewa ni kwamba asijishushe, huo ushamba, dunia ishahama huko, achukue GTX 1050 Ti ya GB 4, na bahati nzuri hii ya kwetu ina tundu la VGA kabisa. Dogo akatuma laki mbili na nusu pamoja na ya kutolea.

Nasoma lile jibu mara tatu tatu na kila nikisoma linaniuma upya. Kwanza, GTX 1050 Ti ilitoka 2016, na haina draiva ya Windows XP. Mtu kakwambia anatumia XP, wewe unamuuzia kadi ambayo hata ingekuwa halisi isingemfaa. Pili, GTX 1050 Ti halisi haitoi picha ya VGA. NVIDIA waliiondoa VGA kwenye kizazi hicho. Kwa hiyo muuzaji aliposema "hii ya kwetu ina VGA" alikuwa anakiri kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na akalifanya kuwa sifa ya bidhaa!

KILICHOKUWEMO NDANI

Boksi lilifika. Kadi imeng'aa, feni mpya, stika mpya. Dogo akachomeka. Akaweka draiva ya XP, ikagoma. Akashauriwa aweke Windows 10, akaweka draiva ya 1050 Ti, gemu ikaanza, kioo kikageuka buluu. Akarudia, buluu. Akampigia muuzaji, akaambiwa kompyuta yake ni mbovu. Akampigia tena, hakupatikana. Akaandika komenti chini ya posti, ikafutwa. Akaandika tena, akablokiwa.

Akaibeba mpaka Shinyanga mjini kwa fundi mmoja mzee wa kazi. Fundi akafungua programu moja ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Juu pale kwenye jina la kadi likatokea neno moja ndani ya mabano ya mraba: FAKE. Yule fundi hakushangaa. Akafungua skrubu, akatoa feni, akafuta ile dawa ya joto juu ya chipu, akamsomea dogo herufi: GF106.

GF106 ni chipu ya GeForce GTS 450. Kadi ya 2010. Ina GB 1, sio 4.

Mchezo wenyewe unachezwa hivi. Kila kadi ya grafiki ina BIOS yake, kijiprogramu kidogo kinachoiambia kompyuta "mimi ni fulani, nina kumbukumbu kiasi hiki". Matapeli, wengi wao huko viwandani nje ya nchi, wanachukua kadi za zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, wanaandika upya hiyo BIOS, wanaibandika jina la kadi ya juu. Windows inasoma jina, inaamini, inakuonyesha GB 4. Ni kama mtu kabadilisha cheti cha kuzaliwa. Ila miguu ni ile ile, na mbio zikianza anaanguka. Gemu ikiomba zaidi ya ile GB 1 iliyopo kweli, kompyuta inazima au inaganda.

Huu ugonjwa haukuanzia Kariakoo. Umesumbua wanunuzi duniani kote mpaka watengenezaji wa GPU-Z, TechPowerUp, wakaamua 2018 kuweka hiyo alama ya FAKE ndani ya programu yao. Kwa maneno mengine, tangu 2018 mtu yeyote mwenye intaneti ya dakika mbili anaweza kujua kadi aliyoshika ni feki. Mzee wa Ultra ana intaneti. Anayo kutwa nzima, yupo laivu.

Sasa sehemu ya kuuma zaidi. Fundi akatafuta BIOS ya asili ya GTS 450, akairudishia kadi jina lake. Akarudisha XP, akaweka draiva ya GTS 450. San Andreas ikafunguka, ikacheza laini kama maji, kwenye monita ile ile ya VGA. Most Wanted, hivyo hivyo.

Mmeielewa hiyo? Dogo alipata kadi aliyokuwa anaihitaji. Ile ile aliyoiomba mwanzo, ya zamani, ya XP, ya VGA. Muuzaji alimwita mshamba kwa kuiomba, halafu akamuuzia hiyo hiyo kwa jina lingine. Fundi alimwambia kadi ya aina ile yeye angempa kwa elfu arobaini. Laki mbili na elfu kumi iliyobaki ilikuwa bei ya uongo. Na ile laki mbili na kumi ilikuwa pango la kibanda na mabenchi ya wateja. Kibanda mpaka leo hakijafunguliwa.

GB SIO NGUVU, ACHENI KUTUIMBIA GB

Huu uongo unauzika kwa sababu moja kubwa: tumefundishwa kuhesabu GB peke yake. Staa anashika boksi, anapiga kelele "GB nneee!", nasi tunapiga laiki. Ngoja niwape mahesabu mawili mtulie.

GeForce 8800 GT ilitoka Oktoba 2007. Kumbukumbu yake ni MB 512, yaani nusu ya GB. Kasi ambayo data inapita kwenye hiyo kumbukumbu ni GB 57.6 kwa sekunde. GT 730 ilitoka 2014, na ile ya DDR3 yenye njia ya biti 64 inapitisha GB 14.4 kwa sekunde, hata ukiipachika GB 4 za kumbukumbu. Gawanya mwenyewe. Kadi ya 2007 yenye nusu GB inaipita mara nne kadi iliyokuja miaka saba baadaye yenye GB 4. Kubwa la kumbukumbu bila kasi ni sawa na ghala kubwa lenye mlango wa kuku. Mpunga upo, ila utatoka lini?

Na hiyo hiyo GT 730 iliuzwa kwa sura tatu tofauti chini ya jina moja. Moja ya chipu ya kizazi cha zamani, nyingine ya DDR3, nyingine ya GDDR5 inayopitisha GB 40 kwa sekunde. Muuzaji akikwambia "GT 730" bila kusema ni ipi, hajakwambia kitu.

Halafu jiulize unataka kucheza nini. San Andreas ya kompyuta ilitoka 2005. Iliomba kadi ya MB 64 kwa uchache, na ikashauri MB 128. Megabaiti, sio gigabaiti! Mtu anayekwambia huwezi kucheza San Andreas bila GB 4 hakupendi, anapenda simu yako inavyotoa mlio wa muamala.

Ndiyo maana nasema kadi kuukuu ni magwangala. Watu wa Geita mnanielewa. Yale mabaki ya mawe ya mgodi ambayo mgodi mkubwa unayaona taka, wananchi wameyapigania miaka na miaka kwa sababu wanajua ndani bado kuna dhahabu. Kadi ya 2007 au 2010 ni hivyo hivyo. Huko ilikotoka ni taka, huku ni ajira. Ila hata kwenye magwangala kuna uungwana: unayauza kama magwangala. Ukiyapaka rangi ya njano ukayapeleka sokoni kama dhahabu, hicho ni kitu kingine, na kina jina.

KUNA NA HIZI ZA "WACHIMBAJI"

Kwa kuwa sisi ni watu wa machimbo, hii itawafurahisha. Kuna wachimbaji wengine duniani wasioshika sururu. Wanachimba sarafu za mtandaoni kwa kadi za grafiki, mamia kwa mamia, usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukawa hauna maana tena kwake. Kadi zikamwagwa sokoni kama mahindi ya msimu.

Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu. Ila feni zimezunguka sana, dawa ya joto imekauka, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Kuna nyingine kama P106-100, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchimba tu, haina hata tundu la kuchomeka monita. Kuna RX 580 ya "2048SP", ambayo ndani yake ni sawa na RX 570, imebebeshwa namba ya kaka yake. Zote hizo ni halali kuuza. Sema tu ni nini. Inakuuma wapi kusema?

NAJUA MTAKACHOSEMA

Najua mashabiki wa Mzee wa Ultra wapo humu na tayari vidole vinawawasha. Njooni tu, nimewasubiri.

Mtasema: "Na yeye kapigwa, kaagiza mzigo bila kujua." Sawa, inawezekana kwa mzigo wa kwanza. Mzigo wa kwanza mtu yeyote anaweza kupigwa. Lakini mteja akikupigia akakwambia kadi ni feki, mtu aliyepigwa kwa bahati mbaya anasema "pole mdogo wangu, irudishe, tutazame". Hafuti komenti wala habloki. Kufuta komenti ni kazi ya mtu anayejua.

Mtasema: "Dogo mjinga, kwa nini hakusoma?" Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Dogo aliuliza swali sahihi. Alisema XP, akasema VGA, akasema San Andreas. Kati ya wale wawili, aliyejua anachotaka ni yule wa Didia, na aliyejifanya mtaalamu ndiye aliyemtoa kwenye njia. Tusigeuze uaminifu kuwa ujinga. Siku tukianza kumcheka kila aliyeibiwa, mwizi ndiye atakayekuwa profesa wetu.

Mtasema: "Acheni wivu, watu wanatafuta riziki." Na yule aliyesimama kwenye karasha Mwakitolyo alikuwa anatafuta nini, mapambo? Riziki yako haiwi halali kwa sababu tu unaitafuta ukiwa na taa za rangi nyuma yako.

Na mtasema: "Vitu vya used havina waranti, kila mtu anajua." Hapana. Kutokuwa na waranti maana yake kadi ikifa baada ya miezi miwili ni bahati yako. Hakumaanishi uniletee kadi nyingine tofauti na uliyoitaja. Nchi hii ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, na inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo. Ina Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora na aina ya bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo. Kadi yenye BIOS iliyochakachuliwa ni bidhaa bandia, iwe mpya au iwe imetumika. Mtumba sio ruhusa ya kudanganya. Mama anayeuza mitumba sokoni akikuuzia sweta lililotoboka, tundu unaliona. Yeye hajalichorea tundu liwe ua.

KAGUA MENO

Hakuna Msukuma anayenunua ng'ombe mnadani bila kumfunua mdomo. Unahesabu meno, ndipo unauliza bei. Muuzaji akikataa usimfunue mdomo, unaondoka, hata kama ng'ombe ananona vipi kwa mbali. Huku kwetu hata dhahabu haiuzwi kwa maneno, inapimwa, na tangu 2019 tuna masoko ya madini ambako mizani ipo mbele ya macho yako. Kwa nini kadi ya laki mbili na nusu inunuliwe kwa picha ya kwenye simu?

Kwa hiyo, meno ya kadi ni haya:

1. Mwambie muuzaji aichomeke, afungue GPU-Z, akurekodie video huku anataja jina lako na tarehe ya leo. Picha ya skrini sio ushahidi, picha inaazimwa. Mwenye kadi halisi hatumii hata dakika kumi.

2. Angalia matundu. GTX 1050 Ti, au kadi yoyote ya NVIDIA ya kizazi hicho, ikija na tundu la VGA la buluu, kimbia. Kama monita yako ni ya VGA, omba kadi ya zamani waziwazi, wala usione aibu.

3. Anza na gemu na Windows yako, ndipo uje kwenye kadi. Ukibaki XP, hata GTX 750 Ti ya 2014 ina draiva yake, na inatumia wati 60 tu, kwa hiyo nyingi zake hazihitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 960 ya 2015 nayo bado inakubali XP. Ukivuka hapo, XP inakuaga.

4. Angalia tundu la kuchomeka. Kompyuta za kabla ya 2004 nyingi zina AGP, za baada yake zina PCI Express. Hazibadilishani hata kwa nyundo. Na kama OptiPlex yako ni ile nyembamba ya kulala, kadi ndefu haitaingia, omba fupi.

5. Uliza umeme. Tundu la PCI Express linatoa wati 75. GTS 450 inaweza kutumia wati 106, kwa hiyo inahitaji waya wake wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo.

6. Kadi "iliyofufuliwa" kwa hewa moto au kwa oveni, achana nayo. Inaamka wiki mbili, inalala milele. Laini za rangi kwenye skrini au vijidoti vinavyocheza ni dalili ya mgonjwa, usimpeleke nyumbani.

7. Hela mwisho. Kama muuzaji yupo mbali, tafuta mshikaji aliyepo huko aende akaione. Huna mshikaji, nunua kwa fundi wa karibu hata akizidisha elfu kumi. Elfu kumi hiyo ni bei ya kujua mlango wake ulipo.

TURUDI KWA MASTAA

Mzee wa Ultra nimemsema vya kutosha. Sasa wewe staa wetu wa vichekesho.

Bro, tunakupenda. Huku Shinyanga watu wanakuangalia kwenye simu moja watu sita. Ulipotoka kimaisha tunapajua, na tulishangilia kila hatua. Ndiyo sababu yule dogo alituma hela. Hakumwamini Mzee wa Ultra, alikuamini wewe. Aliniambia mwenyewe: "kaka, nilimuona yule ameishika." Uso wako ndio uliokuwa waranti.

Hivyo usituambie "mimi nilikuwa natangaza tu". Kutangaza ndiyo kazi yenyewe. Ukilipwa kwa sababu watu wanakuamini, basi ukivunja hiyo imani una deni kwao. Hatukutaki ujue GF106 ni nini. Tunataka kabla ya kushika boksi uulize maswali mawili: umeipima mbele ya nani, na mteja akikuta feki anarudishiwa na nani? Ukikosa jibu, weka boksi chini. Kiki nyingine zipo nyingi, na zingine hazimli mtu mtaji.

Na nyie mnaouza vitu vya used kwa haki, mpo, tunawajua, mna fremu zenu Mwanza, Kahama, hata hapo Shinyanga mjini, mnaandika "GTS 450 ya zamani, imetumika, elfu arobaini, njoo uione ikiwaka". Mnauza polepole kwa sababu hamna taa za rangi. Nyie ndio mnaofanya gemu za zamani ziendelee kuchezwa huku, na kila kadi feki inayoshushwa kwenye basi inawachafulia nyie jina, maana mteja akiumwa na nyoka mmoja anaogopa kila kamba.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mzee wa Ultra ni dogo mno, halihitaji polisi wala kelele. Ingia laivu leo usiku, na hizo hizo taa zako. Chukua kadi tano kutoka kwenye hilo rafu nyuma yako, sisi tuchague zipi. Chomeka moja moja. Fungua GPU-Z. Kama hakuna neno FAKE, nafuta hii posti na nakuomba radhi hapa hapa kwa herufi kubwa. Kama lipo, mrudishie dogo wa Didia laki mbili na nusu yake, pamoja na ya kutolea.

Wadau, uwanja ni wenu. Umewahi kufungua boksi ukakuta mambo mengine? Uliponea wapi, ulimrudia vipi? Na mwenye kadi ya zamani inayopiga kazi mpaka leo, tuambie ni ipi na unacheza nini, wengine wapate pa kuanzia. Majina ya watu yaacheni nyumbani, leteni stori na ushahidi. Komenti za hapa hazifutwi kwa sababu ya ukweli.